Kutajwa si Kusikilizwa



Katika tafakari yetu ya juma hili tunalichukua neno moja ambalo kila mmoja wetu hulitamka mara nyingi kwa siku bila kulifikiria: neno kusikia. Tutalitazama kwanza lilivyo katika lugha yetu ya Kiswahili, kisha tutalifuata katika historia ya mitaa ya katikati ya jiji letu la Dar es Salaam, hasa Kariakoo na Mnazi Mmoja. Ni mitaa yenye sauti nyingi. Alfajiri huanza na adhana na kengele. Mchana wapiga debe huita abiria, na vipaza sauti vidogo vya wamachinga hurudia bei ileile kuanzia asubuhi hadi jioni. Mahali penye sauti nyingi kiasi hicho, inafaa tujiulize: ni nani anayesikilizwa?

Lugha yetu imelipa neno hili kazi nyingi. Tunasikia sauti, lakini pia tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia maumivu. Tunasema mgeni fulani "hasikii Kiswahili", maana yake hakielewi. Mama akisema "mtoto huyu hasikii", jirani hamshauri ampeleke kwa daktari wa masikio. Anajua mtoto anasikia vizuri sana, ila hatii. Ndiyo maana mtu mtiifu tunamwita msikivu. Wahenga nao walituachia onyo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Kwa hiyo katika Kiswahili hatuhesabu kwamba mtu amesikia mpaka kitu fulani kibadilike ndani yake.

Tazameni pia jinsi neno linavyokua. Kusikia humjia mtu hata asipotaka. Kusikiliza ni kuamua: mtu anaacha alichokuwa akifanya na kutega sikio. Kusikilizana kunahitaji watu wawili, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi. Na humo ndimo linamotoka neno masikilizano, yaani mapatano. Mfanyabiashara wa Kariakoo anapomwambia mteja, "Karibu ndani, tutasikilizana," anaahidi jambo kubwa kuliko kuzungumza. Anakiri kwamba bei aliyoitaja si neno la mwisho na kwamba yuko tayari kusogea. Na mwisho kuna kusikilizwa, yaani kupewa sikio na mwingine, hasa mwenye mamlaka. Hili la mwisho ndilo lililowagharimu watu wetu zaidi katika historia.

Kanisa katika pwani hii lenyewe lilianza kwa kusikiliza. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo kunako mwaka 1868, hawakuweza kuhubiri lolote kabla ya kuisikia lugha ya wenyeji. Mmoja wao, Padre Charles Sacleux, alitumia karibu miaka 20 Zanzibar na Bagamoyo akisikiliza jinsi watu walivyosema, lahaja kwa lahaja, na matunda ya kazi hiyo ni kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapwa Paris kati ya miaka 1939 na 1941. Kabla ya kufundisha, mwalimu huyo alikubali kwanza kuwa mwanafunzi wa wale aliokuja kuwafundisha.

Sasa tuingie Kariakoo penyewe. Jina hili limezaliwa na sikio. Majeshi ya Uingereza yalipoingia Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, yalikuja na kikosi cha wapagazi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wapagazi hao waliwekewa kambi katika eneo hilo. Wenyeji walilisikia jina la kikosi, wakalitamka kwa ulimi wao wenyewe, likawa Kariakoo. Jambo kama hilo lilitokea hatua chache kutoka hapo, kwenye Sanamu ya Askari katika Mtaa wa Samora. Wazee wa mji huliita Sanamu la Bismini, kwa sababu kabla yake, wakati wa Wajerumani, palisimama sanamu ya gavana Hermann von Wissmann. Waingereza waliiondoa ile ya gavana, na mwaka 1927 ikazinduliwa hii ya askari tuliyo nayo hadi leo. Lakini jina lililokwisha kusikika halikuondoka.

Wapagazi hao walikuwa nani? Walikuwa wanaume waliochukuliwa kutoka vijiji vya Afrika Mashariki na nchi za jirani, wengi wao bila hiari, ili wabebe vyakula, risasi na majeruhi mahali ambapo magari na wanyama wa mizigo hawakufika. Rekodi za Waingereza wenyewe zinataja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na uchovu. Maandishi yaliyo chini ya Sanamu ya Askari yanawataja. Mtaa mzima unabeba jina la kikosi chao, nasi hulitaja kila siku tunapomwambia kondakta, "Shusha Kariakoo." Lakini sauti zao ziko wapi? Ni wangapi kati yao waliowahi kuulizwa na yeyote walichokipata njiani, nani alibaki nyuma porini, na mama wa nani hakuletewa habari? Walitajwa, lakini hawakusikilizwa.

Tofauti hiyo kati ya kutajwa na kusikilizwa wanaijua vizuri wale wote waliowahi kufika mahakamani. Kesi hupangiwa tarehe ya kutajwa, na tarehe nyingine ya kusikilizwa. Siku ya kutajwa, jina la mhusika husomwa, hakimu huangalia hatua iliyofikiwa, kisha hupangwa tarehe nyingine. Siku ya kusikilizwa ndipo mashahidi husimama na kusema. Jambo hili lina sababu zake katika utaratibu wa sheria, wala hatuko hapa kuulaumu. Lakini mfikirieni mjane aliyefunga genge lake na kukopa nauli, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi, kisha akaambiwa kwamba shauri la mirathi ya marehemu mumewe limetajwa na arudi mwezi ujao. Akifika nyumbani na watoto wakamwuliza, "Mama, wamesemaje?" hujibu, "Wamelitaja tu." Katika neno hilo "tu" mna uchovu mwingi sana.

Taifa letu linatambua uzito wa jambo hili. Haki ya mtu kupewa nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu, pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa, imo katika Ibara ya 13 ya Katiba yetu, katika sehemu ya haki za binadamu iliyoingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984. Na tukilisoma Agano la Kale, tunaona kwamba wazo hilo ni la kale sana. Mfalme Solomoni alipoambiwa aombe atakacho, hakuomba mali wala maisha marefu. Aliomba moyo wa kuwaamua watu wake kwa haki, na wataalamu wa Maandiko hutuambia kwamba maneno ya Kiebrania yaliyotumika hapo humaanisha moyo unaosikia. Kwa Solomoni, hakimu asiyesikia hakuwa hakimu.

Historia ya uhuru wetu nayo ni historia ya watu waliotafuta sikio. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mitaa hiyohiyo ya Kariakoo, kwenye nyumba iliyokuwa katika barabara inayoitwa leo Mtaa wa Lumumba. Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza, na wananchi wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao mbele ya Baraza la Udhamini huko New York. Wameru walikuwa wamekwisha kuitumia haki hiyo. Baada ya kuondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi yao ipewe walowezi, walimtuma Kirilo Japhet, naye akasikilizwa mwaka 1952. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Lakini wengi nchini walijifunza kwamba mwananchi wa kawaida angeweza kusimama mbele ya mataifa na kueleza jambo lake mwenyewe.

Mwezi Machi 1955 ikawa zamu ya Mwalimu Julius Nyerere. Wakati huo alikuwa akifundisha katika Shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, na safari yake iliwezekana kwa michango ya watu wa chama, ambao wengi wao walikuwa wenye vipato vidogo. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea nchi mwaka 1954 ulikuwa umeona kwamba Tanganyika ingeweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25, na serikali ya Uingereza haikufurahia pendekezo hilo. Mwalimu alisimama mbele ya Baraza, akaeleza kwa utulivu kwamba wananchi walitaka ijulikane kuwa nchi hii ingekuwa ya Waafrika kwa sehemu kubwa, na kwamba wageni walioishi humo hawakuwa na la kuogopa. Aliporudi alilazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi ya ualimu mwezi huohuo.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1958, alisimama tena kusikilizwa, safari hii akiwa mshtakiwa mbele ya hakimu hapa Dar es Salaam, kwa sababu ya makala iliyowakosoa maofisa wa serikali katika gazeti la Sauti ya TANU. Alitiwa hatiani na kutozwa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi 6, faini ikalipwa. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru, mapema sana kuliko ile miaka 20. Sikio la New York halikuleta uhuru peke yake. Lakini watu wakisikilizwa hata mara moja tu, huanza kusimama kwa namna nyingine.

Tusidhani kwamba kiu hiyo ilikwisha siku bendera ilipopandishwa. Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao wakilalamikia taratibu za kodi, usajili wa stoo na namna walivyokuwa wakikamatwa. Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alikwenda kwao, na tarehe 17 Mei alikaa nao Mnazi Mmoja kwa saa nyingi, mmoja baada ya mwingine akisimama na kueleza kero yake. Mengine yalipatiwa jibu, na kamati ikaundwa. Hata hivyo tarehe 24 Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Hatusemi nani alikuwa na haki zaidi, kwa kuwa kodi hujenga zahanati zetu na biashara hulisha watoto wetu. Tunasema tu kwamba siku moja ya kusikilizana haitoshi. Mwenye nyumba na mpangaji wanalijua hilo, hali kadhalika mume na mke.

Je, ndani ya Kanisa mambo yakoje? Nasi tunayo historia yetu ya kusikia. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka mwamini asikilize Misa siku za sikukuu zilizoamriwa. Neno la Kilatini lililotumika lilikuwa hasa la kusikia. Wakati huo Misa iliadhimishwa kwa Kilatini. Bibi zetu walipiga magoti, wakasali rozari, wakangoja kengele ndogo iwajulishe kwamba wakati wa mageuzo umefika. Walisikia kwa imani kubwa maneno ambayo wengi wao hawakuyaelewa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka waamini wasiwe kama watazamaji wageni na walio kimya, ukafungua mlango wa lugha za watu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haisemi tena kusikiliza Misa, bali kushiriki. Hapa kwetu mabadiliko hayo yaliongozwa na wachungaji kama Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa, Kardinali wa kwanza Mwafrika katika nyakati zetu, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam hadi mwaka 1992. Kiswahili cha sokoni Kariakoo kikapanda altareni. Mungu tuliyeambiwa kwamba hutusikia, sasa tulizungumza naye kwa lugha ileile tunayoombea chumvi kwa jirani.

Kisha kuna kiti cha maungamo. Humo padre hasemi mengi. Kazi yake ya kwanza ni kusikiliza. Hawezi kuyatoa nje aliyoyasikia, hata kwa kutishwa. Wapo watu ambao katika juma zima hakuna aliyewasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza, isipokuwa hapo. Hilo linapasa kututia simanzi kidogo, maana kusikilizwa kulipaswa kuanza nyumbani.

Tusiwasahau wale ambao masikio yao hayapokei sauti. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa na Kanisa Katoliki huko Tabora mwaka 1963, na hapa Dar es Salaam ile ya Buguruni ilifuata mwaka 1974. Kiziwi anayefuata mikono ya mwalimu kwa macho yake yote anasikiliza kuliko wengi wetu tunaokaa Misani tukiwa na simu mkononi. Injili ya Marko inatusimulia jinsi Yesu alivyomtendea kiziwi aliyeletwa kwake: alimtenga na umati, akamgusa masikio na ulimi, akampa muda wake peke yake. Kwanza alimwondoa katika kelele.

Kelele za Kariakoo zilipata kunyamaza kwa siku kadhaa zisizosahaulika. Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka katika eneo hilo, likafunika watu waliokuwa wakiuza na kununua. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, na zaidi ya 80 waliokolewa. Baadhi ya waliokuwa chini ya kifusi walisikika wakizungumza na waokoaji, nao wakapelekewa hewa ya oksijeni na maji. Katika mtaa ambao kila siku mwenye sauti kubwa ndiye anayeuza, siku hizo watu wazima walisimama kimya ili wasikie sauti dhaifu iliyotoka chini ya zege. Hakuna aliyeuliza dini ya mwenye sauti hiyo, kabila lake wala kama alikuwa na leseni ya biashara. Kusikia kulimaanisha kuokoa. Tuendelee kuwaombea marehemu hao pumziko la milele, na familia zao faraja.

Wapendwa, hapo ndipo tunapofika na neno letu. Injili inasimulia habari za Bartimayo, kipofu aliyekaa kando ya njia ya Yeriko akipaza sauti. Umati wote ulimsikia. Ndiyo maana ulimkemea anyamaze. Yesu peke yake alisimama, akaagiza aitwe, akamwuliza alitaka afanyiwe nini. Umati ulikuwa na masikio mazima, lakini ni mmoja tu aliyesikiliza. Yesu hakujifanya anajua tayari haja ya yule kipofu. Alimwacha aseme mwenyewe.

Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki walituwekea Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe mahali pa kusikilizana hivyo, na Sinodi aliyoianzisha hayati Papa Fransisko mwaka 2021 na kuhitimishwa Oktoba 2024 imelikumbusha Kanisa lote jambo lilelile. Lakini tutazame zinavyokwenda Jumuiya zetu. Mara nyingi tunasali, tunasoma Injili, tunasoma majina ya wasiolipa michango, kisha tunatawanyika. Mgonjwa tunamtaja katika maombi. Ni nani aliyeketi kando ya kitanda chake akamwuliza usiku unapitaje? Kijana aliyeacha kuja tunamtaja katika kikao. Ni nani aliyemsikiliza kwa nini aliacha? Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba hasikii, amepata lini yeye naye kusikilizwa?

Juma hili tunapendekeza zoezi dogo. Kila mmoja achague mtu mmoja ambaye kwa muda mrefu amekuwa akimtaja tu: mama mkwe, mfanyakazi wa ndani, jirani wa ukuta mmoja, kijana wa mkokoteni anayembebea mizigo sokoni. Kijana huyo ndiye mrithi hasa wa wapagazi walioupa mtaa ule jina lake. Umwulize jina lake, umwulize habari zake, kisha unyamaze mpaka amalize.